Baridi Siku ya Harusi ya Mama

Kazi yangu haielezeki kwa urahisi, na kwa muda mrefu nilijivunia jambo hilo. Mtu akiniuliza ninafanya nini mjini Voi, nilikuwa nasema "controls", kisha nanyamaza nione atalifanyia nini neno hilo. Wengi waliitikia kwa kichwa kwa heshima na kuhamia habari za mvua. Shangazi yangu peke yake, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeniuliza mbele ya watu, "Controls za nini? Za panya na kunguni?" Watu walicheka. Mimi nilinuna hadi jioni.

Ngoja nieleze sasa, kwa kuwa wakati ule nilijiona mkubwa mno kueleza. Jengo kubwa lenye joto kama la Voi huwa na mashine za kupoza hewa, na mashine hizo hazina akili. Hazijui kama ukumbi umejaa watu au uko mtupu. Kazi yetu ni kuweka vipimajoto ukutani, vijisanduku vyeupe unavyoweza kuvifunika kwa kiganja, kuvuta nyaya hadi kwenye kabati la chuma lenye kompyuta ndogo ndani, kisha kuiandikia kompyuta hiyo maagizo. Kipimajoto kikisema kuna joto, mashine ipoze. Kikisema inatosha, ipumzike. Basi.

Nilikuwa nimesomea umeme na nilishafunga taa kwenye nyumba nyingi za Voi nilipochukuliwa na kampuni moja kutoka Nairobi iliyokuja kuweka mitambo hiyo katika hoteli mpya ya hapa mjini. Mkuu wangu alikuwa mwanamume mpole anayeongea kama anayehofia kumwamsha mtoto. Alinifundisha kila kitu. Mafundi wa bati, wanaounda njia za hewa, walikuwa juu ya ngazi wakitokwa na jasho, nami nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, nikibonyeza. Jirani yetu mmoja wa kijijini kwetu Mbololo aliyekuwa akibeba saruji pale alikwenda kumwambia mama kwamba bintiye analipwa kwa kukaa. Mama alimjibu, "Basi na akae vizuri." Aliponisimulia nilicheka, lakini lile neno la jirani liliniingia. Kwetu mtu anayefanya kazi anaonekana akiifanya. Nilitamani sana watu wa Mbololo waone ninachokifanya, hata mara moja tu.

Mara hiyo ilikuja, na ilikuja kupitia mama.

Mama na baba walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao. Wazee walishakula na kunywa, mbuzi walishapelekwa, lakini kanisani hawakuwa wamefunga ndoa. Kwanza palikuwa na hili, halafu lile, halafu sisi watoto tukazaliwa na karo ikaanza. Baba alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, na harusi ilikuwa kitu cha watu wengine. Kwa hiyo wakati wa meza ya Bwana, wenzake mama walipokuwa wakienda mbele, yeye alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, akitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nakaa ubavuni pake. Nilipokuwa mdogo nilidhani amechoka kwa kazi za shamba. Nilipokua nikaelewa, nikaanza kukaa na vijana wa kwaya ili nisiwe naye pale nyuma. Hakuniuliza kwa nini nimehama.

Mwaka jana, baba akiwa ameshastaafu na magoti yake yakilia kila akisimama, walikubaliana kwenda kubarikiwa. Mama alitaka wageni wale nyumbani, chini ya turubai, pale kwenye uwanja kati ya jiko na zizi la mbuzi. Mimi nikasema hapana. Nilisema hoteli imekwisha, ukumbi bado haujafunguliwa rasmi, na nimezungumza na meneja akakubali harusi yao iwe shughuli ya kwanza. Nilisema wageni watakaa kwenye hewa safi, si kwenye vumbi na joto. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Kama ndivyo unavyotaka." Nilisikia "ndiyo" tu. Sikusikia hayo mengine.

Wiki chache kabla, tulikuwa tukimalizia ukumbi huo. Kwenye mchoro, kipimajoto kilikuwa kimewekwa karibu na mlango wa jikoni. Mkuu wangu alisema pale hapafai, maana mvuke wa sufuria utakidanganya. Akaniambia nichague mahali pengine. "Wewe ndiye mtu wa hapa," alisema. "Unajua huu ukumbi utatumikaje." Nilizunguka humo ndani kama mwenye nyumba, nikachagua ukuta wa mbele, nyuma ya jukwaa, mbali na milango na madirisha. Nikakifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Ukumbi ukiwa mtupu, kilifanya kazi bila kosa lolote. Mkuu akanipigia makofi mawili matatu, nami nikaenda nyumbani nikiimba.

Siku ya harusi, kanisani kule Mbololo, mambo yalikwenda vizuri. Mama alivaa gauni jeupe lenye mikono mirefu. Tulishuka Voi jua likiwa kali. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ametoka Wundanyi na lile koti lake zito la sufi, na tangu asubuhi tulikuwa tukimcheka. "Mjomba, hapa ni Voi, utaiva!" nilimwambia. Alisema mtu wa milimani hatoki bila koti, akalikunja mkononi.

Ukumbini wapambaji walikuwa wamefanya kazi ya kutajwa. Kuta zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe na vya zambarau. Nyuma ya jukwaa, waliponing'iniza pazia la maharusi, walikuwa wameweka kitambaa juu ya kitambaa, na katikati yake mamia ya taa ndogo za manjano zinazometameta. Mbele ya pazia hilo paliwekwa viti viwili vikubwa, na mama akakaa kwenye kimoja. Nilimwona akigusa mkono wa kiti. Nilijua anakumbuka lile benchi la nyuma.

Nilikuwa na mitambo yote kwenye simu yangu. Wageni walipokuwa wakiingia, niliwaonyesha waliokaa meza yangu. "Hapa naona joto la ukumbi," nilisema, nikijifanya ni jambo dogo. Simu ilisema digrii ishirini na tisa. Nikasema, aha, watu wamejaa, wamekuja na joto lao. Nikabonyeza, nikaongeza kasi ya feni.

Baada ya muda shangazi yuleyule wa panya na kunguni alinivuta mkono. Alikuwa amejifunga leso mbili, moja mabegani na moja kichwani.

"We mtoto, hii baridi ni ya nini? Tumekosa nini sisi?"

"Shangazi, hakuna baridi." Nikamwonyesha simu. "Ona, ni ishirini na tisa. Kuna joto humu."

"Mimi natetemeka."

"Ni kwa sababu hujazoea AC. Mwili utazoea tu."

Nilisema hivyo. Nilimwambia mtu mzima, aliyenibeba mgongoni, anayetetemeka mbele ya macho yangu, kwamba ana joto. Na kwa kuwa simu iliendelea kusema ishirini na tisa, kisha thelathini, nikaongeza feni tena hadi mwisho.

Nikikumbuka sasa natamani kuingia chini ya meza. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa baridi. Nilikuwa nimeikalia ili ipate joto, na bado nilikuwa nikiamini simu.

Watu wetu hawapendi kuharibu shughuli ya mwenzao. Hakuna aliyelalamika. Waliinuka mmoja mmoja kwa adabu, huyu anakwenda kumwangalia mtoto, yule anakwenda kupokea simu, na hawakurudi. Wali ulipopakuliwa uliganda mafuta kwenye sahani. Wakati wa keki, mama alipaswa kuwalisha wazee, na kijiko kiligongagonga meno ya shemeji yake kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka. Mshereheshaji akatania kwamba bibi harusi ana haya kama msichana. Kisha mama akaomba kipaza sauti. Aliwashukuru wachungaji, akawashukuru watu wa kanisa, halafu akanyoosha mkono kunielekea.

"Na hii hewa yote," alisema, na sauti yake ilikuwa ikikatika kwa baridi, "ni mwanangu ndiye ameitengeneza."

Nusu ya viti ilikuwa tupu. Waliobaki waligeuka wakanitazama, wamejikunyata kwenye leso zao, na wakapiga makofi.

Nilitoka nje nikikimbia, nikisema nakwenda kukagua mashine. Nyuma ya jengo ndiko zilikofungwa zile mashine za nje ambazo hutema joto lote lililotolewa ndani. Huko ndiko nilikowakuta wageni wetu. Wazee, akina mama wa kanisa, shangazi yangu, wamezizunguka zile mashine karibu na mapipa ya taka, wamenyoosha mikono wanaota hewa ya moto kama wanavyoota moto wa kuni asubuhi za Juni. Wengine walikuwa wamekuja na sahani zao. Baba mwenyewe alikuwa hapo, ua kwenye koti la suti, akisema amekuja tu kuwasalimu wageni. Na kando yao alisimama mkuu wangu, niliyemwalika kwa majivuno.

Nilianza kumweleza kwamba huenda vali imekwama, huenda kompyuta ina tatizo, nitafungua kabati. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kipimajoto ulikiweka wapi?" aliuliza.

"Ukuta wa mbele. Nyuma ya..."

Sikumaliza. Akilini niliona pazia, niliona kitambaa juu ya kitambaa, niliona zile taa. Nimekulia kwenye harusi za huku. Nikiwa msichana mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kushika ngazi wakati wa kufunga vitambaa. Hakuna ukumbi wa Taita Taveta unaofanya harusi na kuta zake wazi, kila mtu anajua, na mimi ndiye niliyeitwa mtu wa hapa. Kipimajoto changu kilikuwa kimefungiwa kati ya ukuta unaopigwa na jua la mchana na taa zinazochemka, kikipima joto la humo ndani mwa pazia.

Nilirudi ukumbini. Mama alikuwa bado amekaa mbele, peke yake, juu ya gauni lake jeupe amevaa koti la sufi la mjomba. Mjomba alikuwa ameketi meza ya karibu akijisugua mabega. Nilimwambia, "Mama, toka kidogo upate jua, nirekebishe."

"Rekebisha tu. Mimi nipo."

"Mama, tafadhali. Watu wote wako nje."

"Najua."

Hakutoka. Ikabidi nipande kwenye jukwaa na viatu vyangu vya kisigino, nyuma ya kiti chake, nianze kurarua pazia la harusi yake. Mwenye mapambo alikuja akipiga kelele. Taa zikadondoka mabegani mwa mama, akaziondoa moja moja akaziweka sakafuni. Nilipokifikia kile kijisanduku, kilikuwa na moto wa kikombe cha chai. Simu ilichukua muda, halafu ikaanza kushuka. Ishirini na nne. Ishirini. Kumi na saba. Feni zikanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia meno ya mama yakigongana.

Wageni hawakurudi ndani. Waliimba nje, nyuma ya jengo, na walicheza huko hadi jua likapoa.

Mkuu wangu hakunigombeza. Jumatatu alisema, "Leo tunakihamisha," nami nikakihamisha. Bado nafanya kazi hii na nimeijua zaidi. Nikiingia kwenye chumba sasa, nagusa mikono ya watu kabla ya kugusa kompyuta, nao huniona wa ajabu. Aibu haijaondoka. Nikikutana na watu wa Mbololo stendi, wananiuliza kama nina sweta la kuwaazima.

Picha ya harusi iko sebuleni kwa mama, kubwa, ndani ya fremu. Nyuma yake pazia limening'inia nusu, na yeye amekaa na koti la mwanamume juu ya gauni. Nilimwambia mpiga picha anaweza kuliondoa lile koti kwa kompyuta, kazi ya asubuhi moja tu, na nyuma akaweka maua. Mama alikataa kabisa. Tulibishana, nikapandisha sauti, nikamwambia anapenda kunidhalilisha.

Kila mgeni mpya anauliza habari za lile koti. Nami huinuka na kwenda jikoni kujifanya natazama chai. Lakini ukuta ni wa mabanzi, na nasikia kila kitu. Mama hanitaji. Hasemi lolote la mashine wala la pazia.

"Kule mbele palikuwa na baridi," huwaambia. "Lakini nilikaa."