Koti la Zamu

Siku hizi kila mwalimu ana koti lake na anafundisha huku akichungulia simu. Zamani walimu wawili walivaa koti moja kwa zamu, na shule nzima ilijua leo ni zamu ya nani.

Fundi cherehani wetu alisoma shule hiyo ya bweni ya wavulana miaka miwili tu. Baba yake akafariki, naye akarudi nyumbani kukanyaga cherehani ya mjomba. Mengine alijisomea mwenyewe, kitabu kikiwa juu ya vitambaa. Lakini ukimuuliza nani alimfundisha, atakutajia wawili: Twiga wa hesabu na Kiroba wa jiografia. Wavulana ndio waliowabatiza hivyo, na wenyewe walijua.

Waliishi nyumba moja, koti jeusi likining'inia msumarini nyuma ya mlango. Akilivaa Twiga, mikono iliishia karibu na viwiko. Akilivaa Kiroba, kifungo kilikata tamaa. Na mkuu wa shule hakutaka mchezo: bila koti, hupandi jukwaani. Basi kila sherehe mmoja alikaa mbele, mwenzake akachungulia dirishani.

"Kwani mwalimu huna koti?" mvulana mmoja alimuuliza Kiroba.

"Ninalo. Limetoka kidogo na Twiga."

Miaka ikapita, fundi akasikia wote wawili wanastaafu siku moja. Moyo haukumtulia. Nani angeagwa jukwaani, na nani dirishani? Kuwaomba vipimo ni kazi bure, wangekataa. Akakata kitambaa kwa kumbukumbu, akamshonea Twiga koti refu.

"Mtu uliyemwona utotoni utampimaje?" mkewe akamcheka. "Pengine amesinyaa."

"Twiga hasinyai, mama watoto. Anainama tu."

Siku yenyewe aliwakuta mlangoni pa ukumbi, wanasukumiana koti.

"Vaa wewe, ndugu yangu."

"Mimi nimezoea dirisha. Hewa yake nzuri."

Fundi akafungua kifurushi. Twiga akavaa, na mikono ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika. Akamkazia fundi macho.

"Wewe ulikaa nyuma, karibu na kabati. Hesabu zilikupiga chenga."

"Zilinipiga, mwalimu."

"Sasa vipimo umevipata wapi?"

"Nilikuwa nawatazama ninyi zaidi kuliko ubao."

Wakapanda jukwaani bega kwa bega. Dirisha likabaki tupu. Leo nenda ukawaulize vijana wa shule ile mwalimu wao ana urefu gani. Watakutazama kama uliyepotea njia.

Mara ya mwisho fundi kuwaona, walikuwa wakielekea kituo cha basi, kila mmoja na sanduku lake. Walipofika langoni pa shule wakasimama.

"Zamu yako imekwisha," alisema Kiroba.

Wakabadilishana. Koti jipya likamfikia Kiroba magotini, la zamani likaviacha viwiko vya Twiga vikipunga upepo, nao wakaendelea na safari yao.