Sauti Inasikika

Chuo cha ualimu kilitufundisha kukosoana. Mmoja akisimama mbele kufanya mazoezi ya kufundisha, wengine tulikaa nyuma na kalamu, na somo likiisha kila mtu alitaja kwanza uzuri wake, halafu kasoro. Sasa tumestaafu, wajukuu wanatuita babu na bibi, lakini ugonjwa huo haujatutoka. Tukikutana kwenye harusi ya mtoto wa mwenzetu, anayetoa nasaha akirudi kukaa, sisi tunamsubiri mezani.

Mkali kuliko wote ni mwalimu mmoja wa kike anayeishi Makambako. Tangu chuoni, uzuri anaonitajia mimi ni mmoja tu: "Sauti inasikika." Kasoro ndizo haziishi. Kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe niliongea mpaka watu wakalia, naye akasema, "Sauti inasikika. Hitimisho halikuwepo." Sauti hata ng'ombe anayo.

Kwa hiyo aliponiandikia kwamba yeye na mumewe wanafanya jubilei ya ndoa, na mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya tuliosoma naye, nilijiapiza kwamba safari hii atataja uzuri wa pili, apende asipende. Aliniandikia, hakupiga simu. Siku hizi hata nikimpigia Jumapili baada ya ibada, kama tulivyozoea, hapokei. Anajibu kwa ujumbe. Nikaona ameanza kuringa uzeeni, nami nikamnunia.

Nilijiandaa wiki nzima hapa Njombe, blanketi mabegani, jiko la mkaa miguuni, nikimhutubia mke wangu.

"Mzee, hii ni jubilei au mtihani?" akaniuliza.

"Vyote," nikamjibu.

Makambako upepo ulikuwa ukilipiga turubai, kwa hiyo mshereheshaji akafungulia spika mpaka mwisho. Nilianza na utangulizi. Nikasimulia siku mumewe alipokuja chuoni kumsalimia, enzi za uchumba, na jogoo kwapani. Jogoo akachoropoka, akaingia darasani, na mkuu wa chuo akawa wa kwanza kumkimbiza. Watu walicheka, shemeji yetu huyo akafuta machozi. Nikaweka na hitimisho, refu la kutosha. Bodaboda waliokuwa barabarani wakanipigia honi.

Nikaenda mezani kwake, nikasimama wima. "Haya, Mwalimu. Taja uzuri."

Alinitazama midomo kwa muda. "Sauti haikusikika," akasema.

Nilikasirika. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba nimesikika mpaka stendi. Shemeji, aliyekaa kando yake, akagusa sikio lake mwenyewe na kunitikisia kichwa.

Nilijisikia mjinga. Jumapili zote hizo nilizomnunia, simu ilikuwa ikiita na yeye hasikii kitu. Iliniuma sana.

Wakati huo pilau ilikuwa inagawiwa. Nikavuta kiti, nikamwinamia sikioni, nikaanza upya: utangulizi, jogoo, hitimisho. Nilipaza sauti mpaka koo likakwaruza, na wageni wakaisikiliza hotuba mara ya pili huku wakila. Kwenye jogoo alicheka peke yake, kwa nguvu, akampiga mumewe begani.

Nikamaliza. Ule uzuri wa pili nilikuwa nimeshausahau.

"Sauti inasikika," akasema, akanishika mkono.

Nikasubiri kasoro. Hakutaja hata moja.