Ungamo la Mgema

Upumbavu wangu mkubwa ni kumwandikia jirani yangu mgema ungamo zuri kupita kiasi. Ilikuwa mara baada ya uhuru. Alishikwa Msambweni kwa madai ya kugema mnazi wa mtu, na mbele yangu ofisa wa polisi akamwahidi, "Kiri kwa maandishi uende zako, kesi hakuna." Mzee alikuwa na haraka, kwani karara la mnazi unaogemwa lisipokatwa ncha asubuhi na jioni, tembo hukauka. Mimi msomi wa sekondari nikaandika, nikaongeza na minazi miwili ili habari ipendeze.

Wiki ya pili akashtakiwa kwa karatasi ile ile.

Mimi, ambaye hata Kombani ya njiani naona ni mbali, nikafika mahakamani Kwale nikaieleza ile ahadi. Ofisa hakuikana. Hakimu akasema kumwahidi mtu uhuru kisha kumgeuka ni kuichezea mahakama, akaisimamisha kesi kabisa, mzee akaachiwa.

Njiani mzee alinishika mkono mpaka nyumbani. Nilipomwomba radhi, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mimi nilikiri mnazi mmoja. Ile miwili uliigema wewe."