Kipande Kisicho na Mwenyewe

Watu wa hospitali yetu wakifika kwenye korido ya patholojia hukaza mwendo. Hata wauguzi, ambao damu kwao ni kitu cha kawaida kama chai, huweka chupa zao dirishani na kuondoka bila kuaga. Ndani ya kila chupa kuna kipande cha mtu: kivimbe cha shingoni, nyama ya kizazi, ncha ya utumbo. Mwenyewe yuko nyumbani, anapika, anagombana na majirani, wala hajui kama maisha yake yameshageuka. Sisi ndio tunaojua kwanza. Ni kazi nzito kuijua siri ya mtu kabla yake, na anayekuambia utaizoea anakudanganya mchana kweupe.

Mama yangu mzazi mpaka leo huwaambia wageni kwamba mimi ni daktari wa maiti. Nimemweleza hadi mate yakanikauka kwamba maiti ni sehemu ndogo tu, kwamba wengi ninaowasoma wako hai na wanataka kubaki hai. "Sawa, mwanangu," husema. Akija mgeni mwingine, ni yaleyale.

Nilipoanza masomo ya ubingwa, aliyenipokea hakuwa Profesa, mkuu wetu. Alikuwa Mama Nta. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu, maana kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuzamisha vipande vya watu kwenye nta iliyoyeyuka, vigande, kisha avikate. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko kilichosikika hadi mapokezi. Kazi yake aliisomea: cheti kwanza, halafu stashahada huku ananyonyesha. Mtihani wa vitendo alianguka mara ya kwanza, na hakuona haya kulisema. "Nililia kamasi zikanitoka, nikarudi nikaurudia. Wewe ukianguka utalia na kitambaa, daktari, lakini utalia."

Kukata si mchezo. Kipande cha nta hufungwa kwenye mashine, unazungusha gurudumu, na kisu kinatoa utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Utando huo unaulaza juu ya beseni la maji ya vuguvugu ili ujinyooshe, kisha unauzoa kwa kioo, unatiwa rangi, unasomwa kwa hadubini. Hatari iko kwenye beseni. Usipofuta uso wa maji kabla ya mgonjwa anayefuata, chembe ya wa kwanza hubaki inaelea na kunata kwenye kioo cha wa pili. Hapo ndipo mtu mzima hukatwa titi kwa ugonjwa wa jirani. Mama Nta alituhubiria jambo hilo mpaka tukamkariri. Mimi nilipojaribu kukata, nilichanachana tu. "Toka hapo, daktari, unatumalizia watu," akaniambia, na nikatoka nikicheka. Nikabaki na kazi ya kusoma.

Tulikuwa na tabia moja mbaya watu wa maabara, na tuliipenda. Hakuna aliyetaka kuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Mmoja wetu akiota kijivimbe, rafiki wa chumba cha upasuaji mdogo alimtolea kimyakimya. Chupa ililetwa ndani ya mfuko wa koti, ikakatwa alfajiri kabla ya kazi za watu, bila jina wala namba, na rafiki mwingine akasoma wakati wa chai. Tabia hiyo tuliiita kupita uani. Mimi mwenyewe nilipitisha baka la begani kwangu, tukalicheka, yakaisha.

Siku moja nilipewa kioo cha fundi cherehani, binti mwenye mtoto mchanga na uvimbe titini. Nilimwona kliniki, kamkumbatia mtoto kama kuna mtu anataka kumnyang'anya. Nikasoma. Uvimbe haukuwa na madhara, moyo ukanitulia. Kisha nikasogeza kioo hadi pembeni. Palikuwa na chembe ndogo imejibanza peke yake. Seli zake zilikuwa kubwa, zimejaa weusi, zimeng'ang'ania ngozi nene ambayo haipo popote mwilini ila kiganjani na chini ya mguu. Ilikuwa ile saratani nyeusi ya ngozi, inayojificha unyayoni mtu akidhani amejigonga, kumbe inasafiri.

Titini hakuna ngozi ya namna hiyo. Nikampelekea Profesa. Akaangalia kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Huyu binti mwambie aende akanyonyeshe," alisema. "Lakini hii chembe haikuja yenyewe. Kuna mtu anayo, na pengine kaambiwa ni mzima. Mtafute, na umtafute upesi."

Nilitafuta kama mwehu. Nilirudia vioo vyote vya siku ile, kizazi, tumbo, tezi, koo, nikarudi nyuma hadi wiki iliyotangulia. Hapakuwa na mguu hata mmoja. Nilikuwa silali vizuri. Kila niliyempita kwenye foleni ya dawa nilimwangalia miguu, na kila aliyechechemea alinipandisha presha. Mwisho nikaenda kwa Mama Nta, nimejiandaa kwa vita, maana kumwambia yule mama beseni lake lilikuwa chafu ni kumtukania ukoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana hivyo? Umefiwa?"

"Siku ya yule fundi cherehani, kuna kipande cha mtu mwingine kimedandia kwenye kioo chake."

Akasimamisha gurudumu. "Cha aina gani?"

"Ngozi ya unyayo. Nyeusi. Mbaya."

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimojakimoja, na hasira zikanipanda.

"Mama, kuna mtu anakwenda kufa huku sisi tunafutana mikono! Nani alitangulia kukatwa asubuhi ile?"

"Usinipigie kelele, mimi si mtoto mwenzio." Akakikunja kitambaa. "Hakuna mgonjwa aliyetangulia."

"Basi kimetoka wapi? Kimeshuka darini?"

Akavuta droo, akatoa kioo kilichoviringishwa kwenye karatasi laini. Hakikuwa na namba.

"Kilipita uani," alisema.

Nilielewa palepale, na nikatamani nisingeelewa.

Alinieleza akiwa anatazama ukuta. Doa chini ya kisigino chake. Alidhani ni damu iliyovilia kwa kusimama sana. Rafiki yake wa upasuaji akalitoa. Mama Nta akaligandisha mwenyewe, akalikata mwenyewe, akalitia rangi. "Akili haikuwa pale, mwanangu. Nadhani ndiyo maana sikufuta maji." Kisha akashindwa kumpa mtu asome. "Kila asubuhi nasema leo nitampa huyu mtoto. Nikikuona unakuja unacheka, nasema aa, kesho."

Nilitaka kumpigia kelele tena, na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikichukua kioo nikakaa kwenye hadubini, naye akaja kusimama nyuma yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kioo cha mtu yeyote. Nilipima kina. Nikapima tena, nikiomba jicho langu liwe limekosea.

"Sema."

"Imeingia ndani sana, mama. Na ukingoni bado ipo. Hawakuimaliza."

"Basi watakata tena."

"Watakata tena. Na tezi za kinenani watazichukua."

Alijua maana ya tezi za kinenani kama ninavyoijua mimi. Amezikata za watu wengi, na wachache kati yao tuliwaona tena. Aliketi kwenye kigoda chake mbele ya mashine. Nilijikaza kisabuni nisilie, na nikalia.

"Vipande vyangu vikija," aliuliza, "nani atavikata?"

Mwenzake wa kukata alishastaafu, na nafasi yake haikujazwa.

"Tutavipeleka hospitali nyingine."

"Vizungushwe huko njiani mpaka vikauke? Hapana." Akasimama, akapangusa kigoda kwa kiganja. "Kaa."

"Mama, mimi sijui. Nitaharibu."

"Kaa, nimesema."

Nikakaa. Akaingiza mkono kwenye droo ileile, akatoa kibonge cha nta chenye doa jeusi katikati, akakifunga kwenye mashine, akanishika mkono na kuuweka juu ya gurudumu.

"Jifunzie hiki," alisema. "Hata ukikiharibu, tumeshakisoma."