Ngazi Saba na Picha ya Mgongo

Kama umewahi kukishika kile kitabu chetu kidogo cha historia ya skeitibodi Nairobi, fungua picha ya katikati. Mtu ameruka ngazi saba za jengo la ofisi mjini, ubao uko hewani chini ya miguu yake, amevaa jaketi jekundu, ametugeuzia mgongo. Chini ya picha pameandikwa jina langu. Si mimi. Nimeishi na jambo hilo miaka mingi, na hata sasa nikiliandika masikio yananichoma.

Aliyeruka alikuwa fundi viatu wa Kinoo. Sisi wengine tulikuwa vijana wa Uthiru na Ngong Road, watoto wa watu wa ofisini, na mbao zetu za mitumba tulizichakura soko la Toi, pale nyuma ya Adams Arcade. Fundi alikuwa ametupita umri, ana mke, na hakuwa na ubao. Nilimpelekea wangu aubandike msasa mpya wa kuzuia miguu isiteleze, kwa gundi ya viatu, akaugeuza geuza, akaniuliza, "Na hii kitu inapandwa aje?" Miezi michache baadaye alikuwa ametushinda sote, tena kwa ubao wa kuazima.

Mimi nilikuwa mwoga, tusizunguke. Nikajiteua mtunza historia. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikawa naandika nani ameruka nini na wapi, na kamera ya baba haikutoka shingoni mwangu. Ukiwa na kamera hakuna anayekuuliza mbona wewe huruki.

Jumapili moja ya Julai, baridi imekaza, askari wa lile jengo alikwenda kunywa chai. Fundi alikuwa amekuja na fulana tu, nikampa jaketi langu jekundu. Akaja kasi, akaruka zote saba, akatua safi. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuthubutu. Wenzangu walishika vichwa, na mimi, mtunza historia mzima, nilikuwa sijasogeza filamu.

"Rudia, buda," nikamwambia. "Bila picha nani ataamini?"

Akacheka, akapanda tena. Mara ya pili nilimpata vizuri sana. Alipotua, goti likaenda upande.

Nilimtembelea kibandani kwake wiki kadhaa baadaye. Mguu ulikuwa umenyooshwa juu ya kreti ya soda, naye anashona soli. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Hii goti wacha tu. Lakini ukiandika hiyo kitabu yako, andika ni mimi nilianza kuruka hizo ngazi. Mtoto wangu aone." Nikamwambia hiyo ni lazima. Hakupanda ubao tena, na kutembea kwenyewe kukawa kwa kuchechemea.

Kikundi kilitawanyika, kila mtu na kazi yake, na mimi nikaamua daftari ligeuke kitabu. Dada aliyenipangia kurasa kwenye kompyuta, katika kichumba fulani mjini, alikuwa akiniuliza majina picha baada ya picha. Kufikia ile ya katikati nilikuwa nimeshaanza kununa, maana niligundua kwamba simo. Kitabu kizima simo hata kwa bahati mbaya, kwa sababu kamera ilikuwa mkononi mwangu siku zote. Akauliza, "Na huyu?" Nikaliona jaketi langu. Nikasema, "Ni mimi."

Akaandika, akaendelea. Usiniambie nilipitiwa. Tulikaa pale saa mbili zaidi, nikabishana naye juu ya koma na nukta, na lile jina nikaliacha vile vile. Mtu mzima, na akili zangu timamu.

Tulikizindua katika ukumbi wa kanisa Uthiru, Jumamosi mchana. Nilialika kikundi chote isipokuwa fundi. Akaja hata hivyo, mmoja wetu alikuwa amemwambia. Alivaa shati lililopigwa pasi, akachukua nakala mlangoni, akakaa nyuma. Nikamwona akifungua. Nikamwona akifika katikati, akitazama, halafu akikifunga kitabu polepole na kukiweka mapajani. Nikaendelea kuongea. Niliongea mno, nikajisifu kwamba picha zote humo nilizipiga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee mmoja, rafiki ya baba, akasimama na miwani puani. "Kijana wangu, umesema picha zote ulipiga wewe. Na hii yako, ulipigwa na nani?"

Wenzangu wa zamani, ambao wote walikuwepo siku ile, wakaangalia viatu vyao. Nikaanza kupekua kurasa za nakala yangu.

"Mzee, hiyo nilimpiga mimi," fundi akasema kutoka nyuma. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba gunia.

Hata hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha, na wote mle ndani walikuwa wananipenda. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Ni yeye."

Mzee akafurahi, akataka mpiga picha asimame tumwone. Fundi akashika kiti cha mbele yake, akajivuta juu kwa ule mguu mmoja mzima, akasimama. Watu wakampigia makofi kwa picha nzuri aliyonipiga. Na mimi nikapiga makofi.