Begi Lenye Kiraka cha Njano

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini Migori, na mtu asinidanganye kwamba wivu ni ugonjwa wa wanawake. Nimeshona suruali za wanaume wa kila namna, na wivu wao naujua kwa kiuno: akianza kukonda bila kuugua, nyumbani kuna jambo. Mwaka wa kisa hiki nilizipunguza suruali zangu mwenyewe.

Mke wangu ametoka Kosele, na kwetu mke huitwa kwa alikozaliwa, kwa hiyo mtaa mzima unamwita nyar Kosele, binti wa Kosele. Yeye huvuka mpaka kwenda Tanzania kununua vitenge, mimi hushona. Kazi hiyo tumegawana tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na haikuwahi kuninyima usingizi. Kisha asubuhi moja mama muuza vikombe, anayesafiri pamoja na mke wangu, alikuja kuchukua gauni lake. Akajitazama kiooni, akajigeuza, akasema:

"Fundi, bibi yako anatumia dawa gani? Sisi tunapekuliwa mpaka kwa soksi. Yeye, yule kijana wa kastamu pale mpakani hata hamgusi."

"Kijana gani?"

"Si yule mpya, mrefu, wa ndevu za kuchongwa. Akiona nyar Kosele anainamisha macho kama msichana."

Akacheka, akaenda zake na gauni. Mimi nilirudi kwenye shati la mteja na kuliziba tundu la mkono kwa mshono mzuri ulionyooka. Ikabidi nifumue.

Sikumwuliza mke wangu kitu. Mwenye wivu akiuliza mapema hupewa jibu zuri, na mimi sikutaka jibu zuri, nilitaka kuona. Nilimwambia tu kwamba uzi na vifungo ni ghali huku kwetu, na safari ijayo nitavuka naye.

"Wewe? Na huo mgongo?"

"Umepona," nikasema. Haukuwa umepona.

Ng'ambo tuliachana sokoni, kila mtu na shughuli zake. Wakati wa kurudi nilimwacha atangulie, nikajipanga nyuma ya watu kadhaa kwenye foleni, kofia nimeishusha. Pale forodhani ni chumba kirefu chenye meza mbili za kukagulia mizigo. Meza ya kushoto alisimama afisa mnene, mcheshi, aliyehamishiwa huku kutoka upande mwingine kabisa wa nchi. Kila mama alimwambia kwamba anazidi kuwa mrembo. Akina mama walicheka, naye alifungua, akashika, akakunja tena, bila haraka yoyote. Huyo sikumjali, kwa maana mtu wa maneno mengi namna ile nilimhesabu kuwa hana lolote. Macho yangu yote yalikuwa meza ya kulia.

Kijana alikuwa mrefu kweli. Shati lake lilikuwa limenyooka, na mshono wa bega, lazima niseme haki, ulikuwa safi. Hilo nalo liliniudhi. Kila begi alilifungua mpaka chini. Zamu ya mke wangu ilipofika alirudi nyuma, akazipitia risiti zake kwa mkono ulionyooshwa mbali, akatazama ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Pita, mama." Mke wangu naye hakumtazama. Alilichukua begi lake kuukuu la bluu, lile nililolitia kiraka cha kitenge cha njano kwa mikono yangu hii, akapita macho chini.

Nilijiambia kwamba mwanamume asiyeweza kumtazama mwanamke mbele za watu, basi amemtazama vya kutosha pasipo watu. Na mke wangu, anayebishana na kila makanga wa matatu za barabara hii, leo anatazama sakafu!

Zamu yangu ilipofika, kijana yule hakuniachia hata mfuko mmoja. Alitoa uzi wangu wote, akamwaga vifungo mezani, akatikisa viatu, kisha akainua chupi yangu ya kubadilisha mbele ya akina mama wa Rongo, mji unaofuata baada ya Migori.

"Hii ni ya nini, mzee?"

"Ni ya kuvaa," nikamjibu, na akina mama wakaangua kicheko.

Jioni mke wangu akisonga ugali nilishindwa kuvumilia.

"Yule kijana wa kastamu, unamjua?"

Mwiko ulisimama. "Yupi?"

"Anayekuogopa."

"Ni mtoto wa watu," akasema, na mwiko ukaendelea. "Na wewe mdomo wako hauna mlango. Ukijua kitu hapa, kesho kinajulikana Rongo."

Sikupata zaidi ya hapo. Mtu asiye na siri angesema simjui, au angesema namjua. Yeye aliusema mdomo wangu.

Tangu siku hiyo nilianza kuona mambo. Alinunua mafuta mapya ya kujipaka, nikajua yamenunuliwa kwa ajili ya nani. Alicheka kwenye simu na dada yake wa Kosele, akatoka nje kumalizia maneno, nikajua yule si dada. Akisuka nywele kabla ya safari, nilikasirika. Asiposuka, nilisema huko amekwisha kuzoeleka. Chakula chake nilikila nusu, na aliponiuliza kama naumwa nilimwambia ni mgongo.

Safari iliyofuata nilikwenda nikiwa na mpango. Tulipokaribia kile chumba nikamwambia, "Leta begi nikubebee." Maneno hayo hakuwahi kuyasikia kutoka kwangu tangu tuoane. Alisita, lakini muuza vikombe alikuwa amemshika mkono akimsimulia habari, akaniachia. Nilikwenda moja kwa moja meza ya kulia, nikaliweka begi la bluu mbele ya kijana, upande wa kiraka ukiwa juu.

Alikiona kiraka akaganda. Begi la mke wangu alilijua, tena kwa kiraka changu mimi!

"Mzee, hii begi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi fungua wewe mwenyewe."

"Kwani ni mimi nalipwa kufungua?"

Watu wa nyuma walianza kunung'unika. Kijana alivuta zipu polepole, uso kaugeuza pembeni. Juu kabisa mke wangu alikuwa ameweka kamisi yake, aliyoivua kwa sababu ya joto, yenye lesi niliyoishona mwenyewe. Kijana akaiona. Aliruka nyuma mgongo ukagonga ukuta, kisha akageuka akaupa ukuta uso.

Hapo nikapasuka. "Mbona unageuka?" nikapiga kelele. "Hapa unaogopa kufungua, umezoea kufungulia wapi? Sema mbele ya watu! Huyo ni mke wangu!"

Hata yule mnene aliacha kusifu watu. Kijana aligeuka, akaitazama miguu yangu badala ya uso, jasho likimtiririka.

"Bibi yako?" akasema. "Yaye! Basi wewe ni baba. Baba, mimi siwezi shika hiyo begi. Ni ya maro."

Maro ni mama mkwe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, halali chini ya paa lake, na akiiona nguo yake ya ndani ni jambo la kuita wazee. Dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe vilevile. Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni, na ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. Binti wa dada yake wa Kosele alikuwa akiishi na kijana huyu, na mahari haijapelekwa. Baba wa binti, mzee wa kanisa asiyetaniwa, alidhani mwanawe yuko Kisumu kazini. Wazazi wa kijana walikuwa waende Kosele kwa heshima baada ya mavuno. Mimi nilifichwa kwa sababu ya mdomo wangu.

"Na mimi," kijana akanong'ona, "nilimwaga begi ya baba mpaka chini." Alikuwa akiikumbuka chupi. Mimi pia.

Muuza vikombe ndiye aliyeanza. "Uuuwi! Fundi amepata mkwe kastamu!" Foleni nzima ikalipuka kwa kicheko. Kabla hatujafika Migori habari ilikuwa imeshapita Rongo, na kabla ya giza mume wa dada ya mke wangu, yule mzee wa kanisa, alinipigia simu kutoka Kosele.

"Nasikia niko na mkwe," akasema, "na wewe ndiye umemtangaza."

Mahari ikaenda haraka kuliko ilivyopangwa. Siku ya kuipeleka Kosele niliketi na wazee upande wa binti. Mke wangu alipopita na maji ya kunawa, kijana aligeuza kiti chake chote akatazama migomba. Nilimwona, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikula nikashiba.

Shibe yenyewe haikudumu. Mkubwa wa pale mpakani alisema afisa hawezi kuwekwa meza moja na jamaa zake, jambo ambalo ni haki, na kijana akapelekwa upande wa malori. Siku hizi akina mama wote wanapita meza ya kushoto. Juzi nilikwenda kuona kwa macho yangu.

"Nyar Kosele!" yule mnene akaita tangu tukiwa mlangoni. "Kila ukivuka unarudi msichana!"

Alilifungua begi la bluu. Alitoa kitenge kimoja baada ya kingine, akaviweka begani kwa mke wangu kuona rangi gani inampendeza, akimtazama usoni kabisa. Na mke wangu, yule wa kutazama sakafu, alicheka meno yote nje.

Tulipotoka nilimwambia kwamba yule bwana hana adabu hata kidogo. Mke wangu alilitupa begi begani, kiraka changu kikakaa mgongoni mwake.

"Hapa mpakani palikuwa na mwanamume mmoja tu asiyeweza kunitazama," akasema. "Na ni wewe ulimtoa."

Akatangulia kwenda kwenye gari. Nilimfuata nikiwa nimeshika mgongo, nikijua kwamba safari ijayo nitakuja tena.