Kamba Mguuni mwa Moti

Nikipita sokoni leo na kukuta mahindi mabichi yakimenywa, harufu ya maganda yake hunirudisha Kariakoo ya miaka ya Ujamaa, nami husimama hapo hapo na kikapu mkononi. Muuzaji hudhani nachagua mahindi. Nilikuwa na miaka tisa, na kila nikitoka shule nilipita nyuma ya soko kuokota maganda hayo pamoja na majani ya kabichi yaliyotupwa, chakula cha simbilisi wetu. Kwa asiyemjua, simbilisi ni mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kuliko panya, mwoga kuliko sungura. Kwao mama yangu, Njombe, hufugwa jikoni karibu na moto, na siku akija mgeni huwa mboga. Wetu aliletwa na mjomba ndani ya kapu la viazi, angali mdogo, kwa nia hiyo hiyo ya chungu. Nililia siku mbili, mpaka baba, fundi wa reli kule mtaa wa Gerezani ambaye hakupenda kelele nyumbani, akasema aachwe. Tukamwita Balozi, kwa kuwa hakukuwa na jiko la mpangaji pale uani ambalo hakuingia kulikagua, sawasawa na balozi wetu wa nyumba kumi.

Rafiki yangu Jaya aliishi ghorofani, nyumba ya pili kutoka kwetu. Familia yao ilikuwa ya Kihindu, haikugusa nyama wala yai, na baba yake aliuza vitambaa. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kama changu. Naye alikuwa na simbilisi, dume changa kama Balozi, mweupe mwenye doa la kahawia jichoni, jina lake Moti. Jumatatu moja, wakati wa mapumziko, aliniambia kwamba wanahama nchi Jumamosi ile ile, na Moti hawezi kusafiri nao. Nilishtuka hata andazi likanidondoka mchangani. Kabla sijapata la kusema akaniuliza kama nitamchukua, kisha akanikazia macho. "Lakini kwenu mnawala. Mama yako mwenyewe aliniambia." Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba Moti hataonja kisu, na kwamba Balozi atakuwa ndugu yake. "Basi Ijumaa nitakuja kuaga," alisema. "Nataka nimwone amezoea, ndipo roho yangu itulie." Nilikubali kwa moyo wote, mimi ambaye sikuwahi kumzoesha hata kuku.

Moti aliletwa Alhamisi mchana ndani ya boksi la viatu. Nilimweka jikoni, kwenye makao ya Balozi, nikachuchumaa kusubiri undugu. Balozi alisimamisha manyoya, akaanza kutembea taratibu huku akitikisa kiuno na kunguruma, sauti ambayo sikujua kwamba inaweza kutoka kwenye mwili mdogo vile. Akamzunguka mgeni mara mbili, kisha akampanda mgongoni. Mama Tatu, mpangaji wa chumba cha mbele aliyekuwa akichambua mchele, akaachia ungo. "Astaghfirullahi! Si umesema wote madume?" Nilipiga yowe nikawatenganisha. Mama alicheka tu, akasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwangu haikuwa kichekesho, kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama Tatu aliponiona nimejikunyata, akanionea huruma. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Mfunge, atazoea." Ushauri uliniingia. Pale uani kila kuku mpya alifungwa kwenye mguu wa benchi siku mbili tatu, na akifunguliwa alikuwa ameshajua kwake.

Basi Ijumaa, nilipotoka shule, nilimfunga Moti mguu wa nyuma kwa uzi wa katani, nikaufunga uzi kwenye mguu wa meza mle mle jikoni, Balozi akiwa huru. Nikatumwa kupanga foleni ya sukari. Foleni zile mnazijua waliozipanga. Unaweka jiwe mahali pako, jiwe linasogea, wewe unasogea. Niliporudi nilisikia mlio mwembamba kabla sijafika uani, nikakimbilia jikoni. Sakafuni palikuwa na damu. Sikio la Moti lilikuwa limechanika na mgongo umeng'atwa, na kwa kule kujaribu kukimbia alikuwa ameuzungusha uzi mguuni mpaka ukazama kwenye nyama. Mama, aliyekuwa ameshamfungia Balozi chini ya tenga, alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto amemkandamiza Moti sakafuni, wa kulia ameshika kisu cha jikoni, akitafuta uzi wa kukata.

"Hodi," ilisema sauti nyuma yangu.

Jaya alikuwa amevaa gauni jipya la safari. Alitazama damu, akatazama kisu, akatazama sufuria ya maji iliyokuwa inachemka motoni. Mama alikuwa ameinamia kazi yake, hakugeuka. "Uliapa," Jaya alisema, kwa sauti ndogo sana, akaondoka mbio. Ningeweza kumfuata. Nilifika hadi chini ya ngazi za ghorofa yao jioni ile, nikasimama nimeshika ukuta. Kumwambia ukweli kungenilazimu kusema kwamba ni mimi niliyemfunga, na aibu ikanishinda. Nilirudi nyumbani. Asubuhi madirisha yao yalikuwa yamefungwa.

Moti hakufa. Mama alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, akaniambia bila ukali, "Kuku hufungwa asikimbie. Huyu alihitaji kukimbia." Akamweka Moti chini ya tenga na Balozi chini ya jingine, ubavu kwa ubavu, na kila asubuhi akabadilisha majani waliyolalia, kila mmoja alalie harufu ya mwenziwe. Vidonda vilipopona tuliwaachia wote wawili ukumbini, mahali ambapo hata Balozi hakuwahi kukanyaga, tukiwa tumeweka marundo mawili ya maganda na maboksi mawili yenye matundu pande zote mbili. Wakazungukana, wakanguruma, wakapandana. Nilitaka kuingilia, Mama akanishika mkono. "Waache. Damu haijatoka." Baada ya muda wakaanza kula, na kilichonishangaza hadi leo ni kwamba walikula rundo moja, pua kwa pua, wakaliacha la pili. Waliishi pamoja miaka mingine minne. Moti alipokufa, Balozi hakumaliza mwezi.

Siku hizi Kariakoo imejaa maghorofa, na mjukuu wangu anasema hakuna mtu anayepotea tena duniani. Mwezi uliopita alichukua simu yake akaniambia, "Bibi, nipe jina lake kamili, nikutafutie sasa hivi." Nikafungua mdomo, nikakuta sina. Miaka mitatu ya dawati moja, na sikuwahi kumuuliza jina la ukoo wake. Kwangu alikuwa Jaya, ikatosha. Mjukuu aliandika "Jaya", zikaja nyuso nyingi za wanawake wasionijua, akachoka akaacha. Mahali fulani, kama yu hai, kuna bibi wa umri wangu ambaye huwasimulia wajukuu zake kuhusu rafiki yake wa Kariakoo aliyeapa, kisha akamla Moti. Nao hushtuka, humuuliza kama ni kweli. Huwajibu kwamba ni kweli, aliona kwa macho yake.